Kadi ya punguzo la migahawa Disney World, Florida: inalipa, au pesa iende kwingine?

Kaskazi77
Wakuu, salaam. Tuko wanne: wakubwa wawili, watoto wa miaka 11 na 8. Usiku 5 Walt Disney World, Orlando. Hoteli bado hatujailipia. Nalinganisha kadi ya Tables in Wonderland ya punguzo la asilimia 20 inayosifiwa sana, kadi ya Landry's Select Club (ya kampuni ya migahawa ya Landry's) ya dola 25, na mpango wa chakula wa Disney wenyewe, ule wa kulipia milo kabla. Ipi inarudisha gharama yake?

Tarakimu
Mkuu, hiyo ya kwanza ifute. Ilisimama Machi 2020 viwanja vilipofungwa kwa korona, na haikurudi. Anayekutangazia kuiuza leo anataka pesa yako tu.

Ila hesabu yake ijue, kwa sababu kadi yoyote ya punguzo inapimwa hivyo hivyo. Mwishoni iliuzwa dola 150 kwa mwenye pasi ya mwaka na 175 kwa mkazi wa Florida, na mgeni wa kawaida hakuuziwa kabisa. Ilipunguza asilimia 20 ya chakula na vinywaji, pombe ikiwemo, kwa meza ya watu hadi 10. Chukua bili ya dola 200. Punguzo 40, unabaki na 160. Kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 inakuwa 10.40. Halafu bakshishi ya asilimia 18, ambayo ilikatwa moja kwa moja, tena kwenye zile 200 za awali: 36. Jumla 206.40. Bila kadi, kwa bakshishi ileile, ungelipa 249. Umeokoa 42.60 kwa mlo mmoja, kwa hiyo kadi ya dola 150 ilihitaji chakula cha kama dola 705 ndipo ijilipe. Familia yenu kwa usiku 5 ingefika hapo kwa shida. Aliyefaidi ni mwenyeji aliyekula huko mwaka mzima na meza yake imejaa watu.

Jingine: ilikuwa haifanyi kazi siku kama Krismasi, mkesha wa mwaka mpya na 4 Julai. Kadi yoyote utakayonunua, soma kwanza tarehe zisizokubalika. Watu wengi husafiri siku hizo hizo.

Bi_Mwana
Ya Landry's ndiyo rahisi kueleweka. Unalipa dola 25, inakurudia zawadi ya dola 25, kwa hiyo kadi yenyewe ni kama bure mradi ule kwao angalau mara moja. Migahawa yao huko ni Rainforest Cafe (mmoja uko Disney Springs, eneo la maduka na migahawa, mwingine mlangoni pa kiwanja cha Animal Kingdom kwa nje, hauhitaji tiketi ya kuingia), T-REX pale Disney Springs, na Yak & Yeti ndani ya Animal Kingdom.

Watu hukosea hapa:

Wanajisajili wakiwa wamesimama kwenye foleni. Zawadi ya kujiunga haiingii papo hapo. Jisajili nyumbani siku kadhaa kabla, uhakikishe inaonekana kwenye akaunti.

Wanaandikisha jina lolote. Kuna zawadi nyingine ya dola 25 mwezi wa kuzaliwa wa mwenye kadi, kwa hiyo kama baba au mama amezaliwa mwezi wa safari, kadi iwe ya huyo. Hapo 25 zimezaa 50.

Na hesabu ya pointi. Kila dola ni pointi 1, pointi 250 ndizo zinazaa dola 25. Ukila mara mbili kwa jumla ya dola 240, umeondoka na pointi 240 na hujapata kitu. Kama kwenu kuna mgahawa wa kampuni hiyo, zitatumika. Kama hakuna, usizihesabu kabisa.

Faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko pointi: mwenye kadi hupewa kipaumbele cha meza. Saa saba mchana pale Rainforest, na mtoto wa miaka 8 ana njaa, utaiona thamani yake.

Kaskazi77
Shukrani Bi Mwana. Na mpango wa chakula je?

mzee_wa_bili
Huo unauzwa tu pamoja na hoteli za Disney. Ukipanga nyumba Kissimmee, mji wa jirani, mjadala umeisha.

Uliporudi Januari 2024 baada ya kusimama, wa kaunta (unaagiza na kuchukua chakula mwenyewe) ulikuwa 57.01 kwa mkubwa na 23.83 kwa mtoto kwa usiku. Ule wenye mlo mmoja wa kuketi na kuhudumiwa ulikuwa 94.28 na 29.69. Sasa tazama: "mtoto" kwao ni miaka 3 hadi 9. Wako wa 11 analipiwa kama mtu mzima. Kwa bei hizo mngelipa 312.53 kwa usiku, yaani 1,562.65 kwa safari. Wa kaunta, 974.30. Na hauwezi kumnunulia mmoja ukamwacha mwingine, chumba kizima kinaingia.

Bakshishi haimo. Milo inayobaki inafutika usiku wa manane siku mnayotoka, na vitafunwa ndivyo husahaulika. Mgahawa wa Cinderella's Royal Table unakula milo miwili ya mtu kwa mkupuo, wakati bufee ya Chef Mickey's inakula mmoja. Huo mpango unalipa kwa mtu anayekula bufee za wahusika wa katuni kila siku. Mtoto wa miaka 11 anayetaka baga na soda atakula hasara ya wazi.

Tarakimu
Nakazia hapo kwa mzee_wa_bili. Na kuna njia ambayo Kaskazi77 hakuitaja: kadi za zawadi za Disney zinazonunuliwa kwenye maduka ya Target kwa kadi ya Target yenyewe, punguzo asilimia 5. Dola 800 za chakula, umeokoa 40 bila kununua uanachama wowote. Tena hiyo ni njia ya kulipa, siyo punguzo la mgahawa, kwa hiyo inakaa juu ya punguzo jingine kama lile la pasi ya mwaka, ambalo mara nyingi ni asilimia 10 na huwa haligusi pombe. Piga picha namba ya nyuma na utunze risiti. Kadi ikipotea bila namba, salio limekwenda nayo.

Bi_Mwana
Kwenye migahawa ya Landry's muulize mhudumu kabla ya kuagiza kama wanapokea kadi ya Disney. Wenye mgahawa pale siyo Disney.

Kaskazi77
Basi tumepanga hivi: nyumba Kissimmee, kadi ya Landry's kwa jina la mke wangu, kadi za zawadi za dola 500 kwa kuanzia. Mpango wa chakula tumeuacha.

mzee_wa_bili
Sawa mkuu. Kabla ya kuandika bakshishi kwenye risiti, tafuta mstari wa gratuity, yaani bakshishi. Kama upo tayari, ule mstari wa chini ulioachwa wazi ni nyongeza ya hiari, na wengi wanalipa mara mbili pale.