Mjadala: Je, Kenya iunde bodi huru ya kuwasajili wataalamu wa mazingira?

Ndugu zangu, tulijadili hili bila kuogopana. Kwa sasa, ukitaka kuandaa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira hapa Kenya, ile tunayoiita EIA, lazima uwe umesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na ulipie leseni yako. Wahandisi wana bodi yao, madaktari wana baraza lao, mawakili wana chama chao kilichowekwa na sheria. Sisi wa mazingira tunasajiliwa na mamlaka ileile inayopokea ripoti zetu, inayoamua mradi upewe leseni au unyimwe, na inayokuja baadaye kukagua. Wapo wanaotaka Bunge liunde bodi huru yenye uwezo wa kutoa cheo, kusikiliza malalamiko na kumfuta mtu kwenye daftari. Wapo wanaoiona hiyo kuwa ada nyingine tu. Mimi naitaka bodi, ila si kwa sababu inayotajwa sana.

Sababu inayotajwa sana ni ripoti mbovu: ripoti ya kituo cha mafuta cha bara inabadilishwa jina iwe ya Pwani, na miti ya bara inabaki humohumo. Ni aibu, nakubali. Lakini kuandika uongo kwa hila ndani ya ripoti ya EIA tayari ni kosa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, EMCA. Hapo kinachokosekana ni kuitekeleza sheria iliyopo.

Kinachonisumbua mimi ni yaliyotokea Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusimamia EIA. Yeye na wataalamu aliofanya nao kazi waliona kuwa kiwanda kiko karibu mno na nyumba za watu, na akawapelekea wakubwa pendekezo kwamba kihamishwe. Pendekezo likakataliwa, yeye akapewa kazi nyingine, na mshauri mwingine akaletwa kuimalizia ripoti. Baadaye damu za watoto zilipopimwa zilikutwa na sumu ya risasi, akiwemo mwanawe mwenyewe. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa na mahakama lawama ya kuzembea.

Sasa tazameni pale katikati, kati ya mshauri wa kwanza na wa pili. Mwenye mradi ndiye anayekuchagua, ndiye anayekulipa, na ukimwambia asichopenda anaweza kukubadilisha bila kumwambia mtu yeyote. Mkono mtupu haulambwi, na mtaalamu ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Unaweza kuwa na shahada tatu na namba ya usajili, na bado ukaondolewa kimyakimya Ijumaa, mwenzako akaanza kazi Jumatatu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bodi ninayoitaka ni kanuni moja wanayoifuata wakaguzi wa hesabu. Mkaguzi mpya, kabla ya kuikubali kazi, humwandikia aliyemtangulia kumuuliza kama kuna sababu ya kitaaluma ya yeye kuikataa. Tuilete kwetu. Mtaalamu anayebadilishwa katikati ya EIA aweke rasimu yake kwa bodi, anayekuja amwandikie, na majibu yaambatanishwe na ripoti inayokwenda NEMA. Atakayeipokea kazi bila barua hiyo, leseni yake isimamishwe.

Kwa nini bodi, na si NEMA? Kwa sababu siku nyingine atakayelalamikiwa ni NEMA. Mtaalamu anayejua kwamba leseni yake ya mwaka ujao iko mezani pa afisa fulani hatasimama mahakamani kueleza jinsi afisa huyohuyo alivyopitisha ripoti mbovu.

Wenzetu wamepita njia tofauti. Afrika Kusini ina chombo cha kuwasajili wataalamu hawa, EAPASA, na tangu Agosti 2022 usajili wake ni wa lazima kwa wanaoandaa tathmini hizi. Uingereza ina Society for the Environment, iliyopata hati ya kifalme 2004, inayosimamia cheo cha Chartered Environmentalist. Huko mtu hujiunga kwa hiari yake. Cheo cha hiari hakitatusaidia, maana mwenye kiwanda cha betri atamtafuta asiye nacho.

Nawasikia vijana wanaosema tutawafungia mlango, na wana haki kuogopa. Kama bodi itaanza kwa ada kubwa na kudai miaka mingi ya uzoefu ambao hakuna anayekubali kukupa, itakuwa klabu ya kampuni kubwa za Nairobi. Ada ya anayeanza iwe ndogo sana, na kila mtaalamu kiongozi alazimike kumchukua angalau kijana mmoja na kutia jina lake kwenye ripoti.

Na cheo hakitaziba kila pengo. Ripoti ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu iliandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, NET, linalosikiliza kesi za leseni kama hizi, lilifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ndiyo maana kwenye bodi hiyo nataka viti vya watu wasio wataalamu: wavuvi, wafugaji, watu wa mitaa kama Owino Uhuru, wenye kura kamili kwenye kesi za nidhamu.

Wanaosema kanuni ya barua itachelewesha maendeleo, naomba hoja yenu kwa mfano: nitajieni mradi mmoja wa halali ambao ungekwama kwa sababu tu mtaalamu wa pili alitakiwa kumuuliza wa kwanza kwa nini ameondoka.