Rozimeri kwenye mafuta ya alizeti: inazuia kuchacha kweli?

MamaDumu:
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa Singida. Wakati wa mavuno sina shida, mafuta yanaondoka. Shida ni yale ninayoweka stoo nikisubiri bei ipande. Mteja anafungua dumu, ananusa, anakunja uso: harufu ya karanga za zamani. Mafuta yangu ni ya kukamua, kutuamisha na kuchuja kwa kitambaa, basi. Sasa kuna video inazunguka, mtu anatumbukiza tawi bichi la rozimeri, kile kiungo cha majani membamba yanayonukia, kwenye chupa, anasema yatakaa mwaka. Dawa za viwandani sitaki. Nijaribu, au nitaharibu mali?

Mmakonde_halisi:
Dada, hamia kwenye ufuta kama sisi wa Lindi. Una kinga yake ya kuzaliwa, kemikali ya sesamoli na wenzake, hauchachi upesi.

MamaDumu:
Kaka, kwa bei ya ufuta? Wateja wangu watanikimbia.

Mzee wa Maabara:
Mama, tawi bichi usithubutu. Jani bichi lina maji, na ndani ya mafuta vijidudu visivyohitaji hewa vinastawi. Kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwenye mafuta bila jokofu kimeshawapa watu botulizimu, sumu ya chakula inayopoozesha mwili. Watu wa video hawakwambii hilo.

Ila rozimeri yenyewe si uongo. Ulaya dondoo lake limeruhusiwa kwenye vyakula tangu 2010, kwenye lebo utaliona kama E392. Kinachofanya kazi ni asidi ya kanosiki na kanosoli, na uzuri wake zinayeyuka kwenye mafuta. Vitamini C ya kawaida haiyeyuki humo, itakaa chini kama mchanga.

Alizeti ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki, na hiyo ndiyo hewa inaipenda. Chembe moja ikiharibika inamharibu jirani, jirani naye anamharibu wa pili. Kanosiki inaingia katikati na kuliwa yenyewe badala ya mafuta. Ikiisha, imeisha. Kwa hiyo rozimeri iweke mafuta yakiwa mabichi, siku ya kuchuja. Yakishanuka hakuna jani litakaloyarudisha.

Kwa mashine ndogo: majani makavu kabisa, yanayovunjika ukiyafinya. Yasage, yapashe kwenye sufuria ndogo ya mafuta kwa moto mdogo, yapate joto bila kukaanga, kisha chuja vizuri. Hayo ndiyo ya kuchanganyia kwenye madumu. Anza na kidogo, maana harufu itaingia kwenye maandazi ya watu. Na kwenye lebo andika umeweka nini. Ukiandika "alizeti tupu" utakuwa unadanganya.

Kabla ya kugusa dumu zima, pima. Chupa mbili za glasi, moja yenye rozimeri na moja bila, kwenye oveni ya nyuzi 60, nusa kila siku. Ikiwa zinachacha pamoja, majani yako hayana kitu. Ukipata maabara, waombe namba ya peroksaidi, kipimo cha uchachu unaoanza. Kwa mafuta yasiyosafishwa kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni 15.

Pemba_Chake:
Na karafuu je, mzee?

Mzee wa Maabara:
Yujenoli yake, kemikali inayoipa harufu, inafanya kazi. Lakini chipsi zitanuka pilau, kijana.

Mama, nilisahau kuuliza: stoo yako ikoje, na madumu unayapata wapi?

MamaDumu:
Stoo ya bati, mchana inawaka. Madumu nanunua yaliyotumika, naosha kwa sabuni. Na wale vijana wangu wa barabarani wanapanga chupa juani, zinavyong'aa ndivyo magari yanavyosimama.

Mzee wa Maabara:
Basi rozimeri iache kwanza. Mafuta ya zamani yaliyogandia kwenye kona za dumu ndiyo mbegu ya uchachu, na sabuni haifiki zile kona. Nunua mapya, yakauke kabisa, jaza hadi shingoni hewa isipate nafasi. Acha mafuta yatuame mpaka machicha yote yashuke, ndipo uhamishe. Chombo cha shaba kisikaribie, na chuma chenye kutu pia. Vijana waambie waweke juani chupa moja ya maonyesho tu, wasiiuze.

Sakina_AR:
Mama, kwangu Arusha rozimeri ni ua wa nyumba, tunaikata na kutupa. Nikaushie kivulini nikutumie kwa basi?

MamaDumu:
Nitumie mdogo wangu, nauli naibeba mimi. Mzee, hiyo oveni, ya kuokea mikate ya jirani itafaa?

Mzee wa Maabara:
Ikiwa haishuki hadi 60, utakuwa unakaanga. Pata kwanza kipimajoto.