Kabul 2021 na Saigon 1975: ni kushindwa kulekule?

Msafiri wa Tanga: Ninashikilia kuwa Marekani ilirudia Afghanistan kosa lake la Vietnam: ilijenga jeshi la wenyeji lisiloweza kupigana bila mafuta, ndege na mafundi wa mfadhili, kisha ikafunga virago. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka tarehe 30 Aprili 1975 na Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Nani asiyeikumbuka ile picha ya helikopta juu ya paa la ubalozi?

Mpekuzi: Paa lile halikuwa la ubalozi, ndugu yangu. Picha hiyo, aliyoipiga mwanahabari Hubert van Es tarehe 29 Aprili, inaonyesha jengo la makazi, nambari 22 Mtaa wa Gia Long, watu wakiwa wamejipanga kwenye ngazi nyembamba. Aliyekosea paa atatupimiaje majeshi?

Msafiri wa Tanga: Paa nimekubali, kejeli sikubali. Hata ubalozini helikopta zilitua siku hiyohiyo.

Mama Salha: Mnagombea paa na tofauti kubwa mmeiruka. Vietnam iliua Wamarekani zaidi ya 58,000, wakiwemo vijana walioandikishwa kwa lazima, ndiyo maana mitaa yao ikafurika maandamano. Afghanistan walikufa wapatao 2,400, wote waliojiunga kwa hiari, na vita vidogo namna hiyo vikaweza kuendelea miaka 20 pasipo kumkosesha raia wa kule usingizi.

Mzee Kigogo: Vidogo kwa nani, mama? Ukihesabu majeneza ya mgeni peke yake, hata mauaji ya makumi ya maelfu ya askari na polisi wa Kiafghani yataonekana madogo. Tena mfano wa karibu ni Wasovieti: Jenerali Gromov, kamanda wa majeshi yao, alivuka daraja la mto Amu Darya akitoka Afghanistan tarehe 15 Februari 1989, lakini serikali ya Najibullah, rais wa Afghanistan waliyemuunga mkono, ikadumu hadi Aprili 1992, kwa kuwa fedha na mafuta ya Moscow yaliendelea kumfikia, na yalipokatika ndipo makamanda wake wakaanza kumhama. Ghani, rais wa Afghanistan mwaka 2021, alikimbia wakati askari wa Marekani wangali uwanja wa ndege.

Mpekuzi: Kwa usahihi, Gromov alishuka kwenye gari la deraya, akamalizia daraja kwa miguu.

Msafiri wa Tanga: Nilijua tu utatufikisha darajani.