Naomba ushauri: ramani ya Asia ya Blaeu, rangi inanitia shaka

Wakuu, salaam. Nakusanya ramani na picha za zamani za safari za Asia. Nimeletewa ramani ya Asia ya Willem Blaeu, mchora ramani Mholanzi, ile iliyochapwa Amsterdam karne ya 17: juu vijipicha vya miji tisa, ikiwemo Goa, Hormuz na Aden, pembeni watu na mavazi yao. Nikiimulika naona mistari ya karatasi ya kale, na alama ya bamba la shaba lililotumika kuichapa imebonyea vizuri tu. Tatizo rangi. Kijani kinang'aa mno, na nyuma hakuna hata doa la kahawia, wakati rangi ya kijani ya enzi zile, iliyotengenezwa kwa shaba, mara nyingi huila karatasi na kuacha doa kama hilo. Je, imepakwa juzijuzi? Na kama ndivyo, niombe punguzo kiasi gani? Muuzaji anataka jibu Ijumaa.