Watoto wa miaka 7 na 12 kusafiri kwa ndege bila mzazi: tiketi inakatwaje?

Swali
Habari wadau. Wanangu wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 12, wanakwenda likizo kwa shangazi yao nchi nyingine. Nikikata tiketi mtandaoni mfumo unagoma, unataka mtu mzima. Je, huyu mkubwa hawezi kuhesabika kama msindikizaji wa mdogo wake? Pia kuna ndege ya moja kwa moja ambayo ni ghali, na ya kubadilisha njiani ambayo ni nafuu. Nichukue ipi?

Jibu 1
Hahesabiki. Mashirika mengi yanataka msindikizaji wa miaka 16 au 18. Piga simu shirika lenyewe, omba huduma ya watoto wanaosafiri peke yao. Kwa kawaida ni lazima kwa miaka 5 hadi 11, na kuanzia 12 ni hiari. Umri unaoangaliwa ni wa siku ya safari, si siku ya kulipa.

Muhimu: waandikishe WOTE wawili. Ukimwacha mkubwa awe abiria wa kawaida, mdogo atachukuliwa na wahudumu na mkubwa atabaki kujitafutia njia. Usilipe kabla huduma haijathibitishwa, kwa sababu kila ndege ina kikomo cha watoto wa aina hii. Mwulize wakala kama alama ya UMNR (yaani mtoto anayesafiri peke yake) inaonekana kwenye bukingi. Ada yake iko nje ya nauli na hutozwa kila upande wa safari. Ulizia kama ndugu wanalipa mara moja.

Jibu 2
Dada, chukua ya moja kwa moja. Mashirika kadhaa hayamruhusu kabisa mtoto wa miaka 7 kubadilisha ndege, na yanayoruhusu mara nyingi hukataa ndege ya mwisho ya siku, kwa kuwa ikikosekana mtoto analala njiani. Angalia pia nani hasa anaendesha ndege: tiketi inaweza kuuzwa na shirika moja ikarushwa na jingine lisilo na huduma hiyo. Tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na wewe mwenyewe, usithubutu.

Jibu 3
Naongezea makaratasi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Fomu inataka jina, simu na anwani ya anayepeleka na anayepokea. Jina la shangazi liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho atakachobeba. Likitofautiana, watoto hawatakabidhiwa. Fomu ikiruhusu mpokeaji wa pili, mwandike.

Tayarisha barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili na kuthibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kama ubini wa mtoto si wa kwako. Masharti ya nchi wanakokwenda yaulizie ubalozini mapema.

Siku yenyewe usiondoke uwanjani mpaka ndege iwe angani. Ikiahirishwa au ikirudi, wewe ndiye utakayeitwa. Kama mtoto anatumia dawa, wahudumu kwa kawaida hawampi, kwa hiyo awe anajua kujihudumia.

Muuliza
Asanteni sana. Na kurudi?

Jibu 3
Fomu nyingine, majina yakigeuzwa: shangazi anapeleka, wewe unapokea. Omba huduma ya pande zote mbili katika simu hiyohiyo, usingoje wafike kwanza.