Boksi la picha la kujitengenezea: pete ina doa jeusi, weupe unatoka kijivu, chupa inapotea

hereni_na_mkufu

Wakuu, naomba mwongozo. Ninapiga picha za pete za fedha, hereni na chupa ndogo za manukato za mililita 30, kwa simu. Boksi ni la katoni, sentimita 40 kila upande. Pande mbili na juu nimekata madirisha na kubandika karatasi za A4 za printa. Ndani nimetandika manila nyeupe, imepinda kwa nyuma bila kukunjwa. Taa ni balbu mbili za LED za wati 9, moja kila upande, kama sentimita 10 kutoka kwenye karatasi.

Shida ni hizi: manila inatoka kijivu na upande wa kushoto una umanjano. Pete ina doa jeusi katikati na vidoa viwili vyeupe vikali. Chupa inamezwa na weupe, kingo hazionekani. Na kuna picha zinatoka na mistari ya giza iliyokatiza kutoka upande hadi upande. Ninunue balbu zenye nguvu zaidi?

TaaPembeni

Balbu usiongeze, mkuu. Nguvu ya taa haibadilishi sura ya kivuli wala ya mng'ao. Kinachobadilisha ni ukubwa wa eneo linalowaka, ukiliangalia kutoka pale bidhaa ilipo. Balbu ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye karatasi, inawasha duara dogo tu la katikati na karatasi iliyobaki inakaa bure. Vile vidoa viwili kwenye pete ndiyo maduara hayo.

Rudisha balbu hadi sentimita 30 au 40, mpaka karatasi iwake sawasawa ukingo hadi ukingo. Kuhakikisha, ilenge karatasi yenyewe kwa simu, kisha shusha mwanga wa picha mpaka weupe uwe kijivu. Ukiona kitovu cheupe kimebaki katikati, bado hujarudi vya kutosha. Mwanga utapungua sana, maana umbali ukiongezeka mara mbili unaobaki ni kama robo, lakini pete haikimbii: weka simu kwenye stendi, ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) iwe 100, shata (muda wa kihisi kupokea mwanga) ya polepole, na tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise simu.

Halafu karatasi yenyewe isogeze karibu na bidhaa. Boksi la sentimita 40 kwa ajili ya pete ni ukumbi mzima. Sentimita 20 hadi 25 zinatosha. Taa mbali na karatasi, karatasi karibu na bidhaa. Wengi hufanya kinyume.

Manila kutoka kijivu si kosa la taa. Simu ikiachiwa iamue yenyewe, huipeleka picha kwenye wastani wa kijivu, na picha iliyojaa weupe huifanya nyeusi kidogo. Gusa bidhaa kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge, kisha vuta mwanga juu kwa +0.7 hadi +1.3. Usiipeleke manila hadi 255, yaani weupe kamili kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Ikikaa 240 hadi 250 kwenye programu ya kuhariri inatosha kabisa. Ukizidisha, weupe unaanza kula kingo za bidhaa.

Umanjano wa upande mmoja ni taa mbili zisizofanana, au mwanga wa dirishani au wa balbu ya dari unaoingia. Zima kila kitu kingine. Nunua balbu mbili za aina moja kwa wakati mmoja, 5000K hadi 5500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), zilizoandikwa CRI, yaani uwezo wa kuonyesha rangi kwa usahihi, 90 au zaidi. Zenye CRI ndogo hufifisha wekundu, na dhahabu inaonekana imechakaa. Mizani ya weupe, ile inayofanya cheupe kitoke cheupe, ipange kwa mkono baada ya karatasi zote kubandikwa, kwa sababu karatasi nayo ina rangi yake.

Na tafadhali, balbu za halojeni au za waya zisikae karibu na karatasi. Zinaunguza.

Mchongo

Naongezea upande wa pete, maana hapo ushauri wa taa peke yake hautoshi.

Fedha iliyosuguliwa ni kioo. Hupigi picha ya pete, unapiga picha ya vitu vinavyoonekana ndani ya pete. Lile doa jeusi ni simu yako pamoja na uwazi wa mbele wa boksi. Ukiikuza picha utaona hata vidole vyako. Kubandika karatasi zaidi pembeni hakutaliondoa, kwa sababu linatoka mbele.

Fanya hivi. Chukua karatasi ya tresing, ile nyembamba inayopitisha mwanga, ya kipande kimoja. Usiunganishe A4 mbili: mahali zinapopandana panakuwa mstari mwembamba wa kijivu unaozunguka pete nzima, na mstari huo ni kazi kubwa kuufuta kwenye programu. Kunja tresing iwe na umbo la koni, chini upana wa sentimita 20 hivi, juu uache tundu la sentimita 4 au 5. Pete iwe ndani, simu ichungulie kutoka juu kwa mshazari, taa zibaki nje kulia na kushoto. Kama unataka kupiga kutoka mbele, ziba mbele ya boksi kwa manila yenye tundu linalotosha lenzi tu. Tumia lenzi ya 2x na urudi nyuma: doa linapungua, na pete haivimbi upande ulio karibu na simu.

Sasa tatizo la pili, ambalo hujaliuliza ila utalikuta. Ukiizungushia pete weupe mtupu, doa linaondoka na pete inakuwa bapa, kama plastiki ya kijivu. Chuma kinahitaji weusi ili kionekane chuma. Kata kadi nyeusi vipande vyembamba vya upana wa sentimita 1 hadi 2, simamisha kimoja ndani ya karatasi upande mmoja, kisogeze taratibu huku ukitazama kioo cha simu. Mstari mweusi utatembea juu ya pete. Uusimamishe pale unapofuata ukingo. Kimoja au viwili, basi. Vikizidi pete inakuwa pundamilia.

Pete yenye jiwe angavu inataka pia taa moja ndogo isiyofunikwa, tochi inatosha, ikipita kwenye tundu la juu. Mwanga laini peke yake huzima kumeta kwa jiwe.

Kuisimamisha: nta laini ya ukubwa wa punje ya mchele, nyuma isikoonekana. Pete ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla ya kila picha, na usivae fulana nyekundu.

Dudu_la_Lenzi

Si angenunua tu filta ya kupolaraizi, ile ya kwenye lenzi inayochuja mwanga kwa mwelekeo wake? Inaondoa mng'ao wote.

Mchongo

Kwenye kioo na plastiki, kwa pembe fulani, inasaidia. Kwenye chuma kitupu, filta ya kwenye lenzi peke yake haiondoi mng'ao. Ingebidi uweke na karatasi za kupolaraizi mbele ya taa zote mbili, uzizungushe mpaka zikatane na ile ya lenzi, na hapo pete itakosa mng'ao kabisa. Hakuna anayetaka pete ya namna hiyo.

hereni_na_mkufu

Nimerudisha balbu na kuweka kadi nyeusi, pete imekuwa kitu kingine kabisa. Ahsanteni. Chupa bado, na ile mistari ipo palepale.

KiooSafi

Chupa itoe kwenye boksi. Kioo hakiangaziwi kutoka mbele, kinaangaziwa kutoka nyuma.

Weka tresing au kitambaa cheupe nyuma ya chupa kwa sentimita 30 hivi, na taa moja nyuma yake. Taa za pembeni zima. Eneo linalowaka liijaze fremu tu, lisizidi: likiwa pana kuliko fremu, mwanga huzunguka na kuingia kwenye kingo za kioo, ndiyo maana chupa yako inayeyuka. Kama ni pana, lipunguze kwa kadi nyeusi. Kisha simamisha kadi nyeusi mbili, kulia na kushoto, karibu na chupa kadiri uwezavyo bila kuonekana kwenye picha. Kingo za kioo zitazipokea na kuchora mstari mweusi safi. Ukizisogeza mbele au nyuma, mstari unanenepa au kukonda.

Lebo itakuwa giza. Ipe kadi nyeupe au foili iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa, mbele upande mmoja, nje ya fremu. Manukato yakiwa ya rangi nzito, kata kadi ya rangi ya fedha kwa umbo la chupa, ndogo kidogo ili chupa iifiche, iegemeze nyuma yake kwa mshazari. Kimiminika kitawaka.

Ukitaka mandhari nyeusi, geuza mpango: kadi nyeusi nyuma ya chupa iijaze fremu, na mwanga wa nyuma uchungulie pande zote za kadi hiyo. Kingo zitatoka nyeupe. Ila hapo kila vumbi linaonekana, jiandae kufuta.

Sekunde_50

Mistari: balbu za LED za bei ya chini hupepesa kufuata umeme. Kwenye umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwenye hezi 60 mara 120. Kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo shata ya haraka hukamata mistari mingine taa ikiwa juu na mingine ikiwa chini. Ingia hali ya kupiga kwa mkono, weka 1/50 au 1/25 kama umeme ni hezi 50, 1/60 au 1/30 kama ni hezi 60. Muda huo unabeba mizunguko kamili ya kupepesa na mistari inafutika. Ukifuata ushauri wa TaaPembeni wa kurudisha taa, shata itashuka huko yenyewe.

Usitumie swichi ya kupunguzia mwanga, nyingi huongeza kupepesa. Mwanga ukizidi, rudisha taa nyuma.

Kwa atakayetumia kamera badala ya simu: pete ikipigwa kwa karibu, tundu la lenzi liwe f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu linapungua). f/22 inaonekana kama itakupa ukali wa mbele hadi nyuma, lakini tundu likiwa dogo hivyo mwanga hupinda kwenye kingo zake na picha nzima inalegea. Afadhali upige picha tano au sita, kila moja umesogeza fokasi kidogo, uziunganishe kwenye programu. Taa na pete zisiguswe hata kidogo katikati ya hizo picha.