Mapenzi na maafa kwa vijana: tufani ya 1872 au bahari ya 2045?

Kiungani: Assalaam alaykum. Nataka kuandika riwaya ya vijana wa sekondari, mapenzi ndani ya maafa, papa hapa kwetu. Nimebaki na njia mbili: tufani ya Aprili 1872, wakati wa Sultani Seyyid Barghash, ilipolaza mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, au Pemba ya 2045, bahari imepanda na mabonde ya mpunga yameingia chumvi. Ipi itamshika msomaji wa miaka 15?

Bint Wete: 1872, shoga, wala usijiulize. Unguja ilipoteza mashamba, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Msichana awe wa Unguja, kwao wamefilisika. Kijana awe wa Pemba, miti yao imesimama. Jana wakimkataa, leo wanamtafuta.

Mkunazini: Na karafuu alikuwa akizichuma nani? Soko la watumwa lilifungwa 1873, mwaka mmoja baada ya tufani. Ukiandika penzi la mtoto wa mwenye shamba ukawanyamazia waliopanda mitini, kijana wa leo atakushtukia. Mimi penzi ningempa mchumaji. Tena usije ukaanika karafuu jamvini Aprili, masika hiyo!

Kojani: Ya pili mbona mnaikimbia? Bahari haina haja ya kishindo. Mpunga unachanua, ncha zinageuka rangi ya kutu. Watu wanajenga tuta, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, linaruka tuta. Kila bamvua kubwa nyumba moja inahama, na kijana anahesabu yaliyobaki kabla ya kina msichana kuvuka kwenda Unguja.

Bint Wete: Yakhe, msomaji atalala ukurasa wa 20.

Kojani: Mwache alale, maji yatamwamsha.

Mwalimu Mkoani: Kabla hamjaifikia, meli ya MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 iacheni. Darasani kwangu wapo waliopewa majina ya waliozama.

Kiungani: Sitaigusa, mwalimu. Mchumaji nimemchukua. Je, nikiunganisha zote mbili: mkarafuu uliopandwa Pemba baada ya tufani, ufe kwa chumvi 2045?

Mkunazini: Mikarafuu iko vilimani, chumvi iko mabondeni. Unganisha kwa ukoo, mti uache.

Kojani: Na bwana harusi asitoke mjini.